Mita Sitini za Mama Dorah

Ziwa lilichukua nyumba ya kwanza ya Yunis taratibu, kama mgeni anayemega ugali wa mwenzake huku akiendelea na mazungumzo. Kwanza lilikula bustani ya mchicha iliyokuwa ufukweni. Halafu choo kikajaa maji, kikabomoka. Mvua za mwaka ule zilipozidi, likaingia jikoni. Kila asubuhi Yunis alikuta maji yamesogea, naye akahamisha magunia ya dagaa kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, hadi siku ukuta wa mbele ulipoegama, ukalala ndani ya maji bila kelele kubwa. Tofali zilikuwa za udongo mbichi. Baada ya siku chache hazikuwa tofali tena, zilikuwa tope.

Wakati huo alikuwa mjane tayari. Kaburi la mumewe, Rafaeli, lilikuwa juu kabisa ya kiwanja, kando ya kaburi la mama mkwe wake, na maji hayakufika huko.

Yunis si mzaliwa wa kijiji hiki cha Mugango. Kwao ni Kisorya, upande wa Bunda, kule kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Baba yake alilima pamba na kufuga ng'ombe wachache, mama yake akiuza uji kwa wavuvi. Rafaeli alifika kule na wenzake kutega dagaa, akawa anakunywa uji kwa mama yake Yunis kila asubuhi, hata asubuhi ambazo hakuwa na njaa. Alimwoa, akamleta Mugango, akamjengea nyumba chini karibu na maji. Alitaka akifungua mlango auone mtumbwi wake.

"Mvuvi akilala mbali na mtumbwi," alikuwa akisema, "anaota ndoto za wakulima."

Yunis alicheka aliposikia mara ya kwanza. Baadaye aliyazoea maneno hayo, na Rafaeli alipofariki akawa anayasema mwenyewe.

Nyumba ilipokwenda, alipanga chumba pale senta, nyuma ya mashine ya kusaga. Aliendelea na biashara yake ya dagaa: anashuka ufukweni, ananunua mbichi, anaanika, anafunga magunia kwa ajili ya wachuuzi wa Musoma mjini. Watu walimwonea huruma kwa udogo wa kile chumba. Mwenyewe alisema udogo haumsumbui; kinachomsumbua ni kwamba mashine ikiwashwa kuta zinatetemeka, hata kusali hawezi.

Miaka ikapita. Maji yakarudi nyuma kiasi, sakafu ya zamani ikaonekana tena, imejaa konokono na magugu maji yaliyokauka. Binti yake Dorah, anayefundisha sekondari Bunda, akamwambia, "Mama, tujenge sasa. Utakaa kwenye hicho chumba mpaka lini?" Fundi Enos akaitwa, akapiga kamba hatua chache tu kupanda kutoka ile sakafu ya zamani. Yunis mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali. Alitaka mlango utazame ziwa, kama ule wa kwanza.

Mtaro wa msingi ulikuwa umefika magotini Boke alipotokea. Boke ndiye mtendaji wa kijiji, binti wa Tarime ambaye watu walimwona mkali siku za mwanzo, kisha wakagundua kwamba si mkali, ila hazungushi maneno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Asante. Mama, hapa mnajenga?"

"Tunajenga."

"Kibali unacho?"

Yunis hakuelewa. Akamgeukia Mugeta, shemeji yake, mdogo wa marehemu Rafaeli, aliyekuwa amekaa juu ya rundo la mawe akitafuna muwa. Mugeta alikuwa jirani yake. Nyumba yake nayo ilikuwa upande wa chini, ila pale pameinuka kidogo, na mwaka ule ziwa liliishia uani kwake, likamwachia.

"Kibali cha nini?" Mugeta akauliza. "Huyu anajenga kwenye uwanja wa kaka yangu. Baba yetu alipofyeka hapa, hata hiyo ofisi yako haikuwepo. Alimwomba nani kibali? Fisi?"

Mafundi wakacheka. Boke naye akatabasamu.

"Zamani ilikuwaga hivyo, mzee wangu. Sasa kijiji kimeshaingizwa kwenye mpango. Anayejenga nyumba ya kudumu anapeleka maombi halmashauri. Anakuwa na ramani ya nyumba, anakuwa na barua yetu ya kijiji, majirani wanakubali mipaka kwa saini, halafu afisa anakuja kuona eneo. Na huku ziwani kuna ile sheria ya mita sitini kutoka majini. Ndani ya hapo hupewi." Akamgeukia Yunis. "Mama, mimi sikuzuii kujenga. Nakuzuia kujenga halafu uje ubomolewe."

Neno hilo la kubomolewa lilimkaa Yunis. Alikuwa ameshabomolewa mara moja, na aliyembomolea hakumtumia hata barua. Akamwambia Enos afunge vifaa.

Dorah alitafuta mtu wa kuchora ramani kule Bunda. Yunis akavaa kitenge chake cha ibada, akapanda gari kwenda halmashauri. Njia nzima alijiandaa kukaripiwa. Ofisi aliyoelekezwa ilikuwa na afisa mmoja wa makamo, jina lake Nicolaus, ambaye hakukaripia mtu. Aliitandaza ile ramani mezani, kisha akaigeuza imwelekee Yunis.

"Mama, hii ndiyo nyumba yako. Hapa sebule, hapa vyumba, huu mlango."

Yunis aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Hakuwahi kufikiri kwamba nyumba inaweza kutazamwa kutoka juu, kama ndege anavyoiona.

"Na ziwa liko wapi hapa?" akauliza.

"Ndilo nitakalokuja kuangalia. Hatupimi kutoka maji yalipo leo, tunapima kutoka pale yalipofika juu kabisa. Mimi nimehamia huku juzijuzi, nimetoka Iringa, sikuwepo mwaka ule. Nyie mliokuwepo mtanionyesha."

Akampangia siku. Wakati wa kurudi, Yunis alikaa dirishani na neno hilo moja: mtanionyesha.

Kumbe Mugeta, aliposimuliwa, naye alikuwa analifikiria. Jioni ya kuamkia siku ya afisa, alimfuata Yunis senta, akakataa kiti, akazungumza akiwa amesimama.

"Shemeji, kesho huyo bwana akiuliza maji yalifika wapi, tunamwonyesha pale kwenye jiwe jeupe."

"Jiwe jeupe liko chini sana, shemeji."

"Najua liko wapi. Wakipimia pale, nyumba yako inapita, na mimi nabaki salama kwangu. Ukiwapandisha juu, unakosa wewe, na nyumba yangu inaingia ndani ya mstari wao. Kesho kutwa wanakuja kuniwekea alama ya X ukutani. Unanielewa?"

"Nimekusikia, shemeji."

Mugeta akaenda zake ameridhika. Lakini kusikia si kukubali, na Yunis mwenyewe hakujua kama amekubali au hapana.

Nicolaus alifika asubuhi na tepu ndefu ya kupimia, pamoja na Boke aliyebeba vigingi. Walisalimiana, wakashuka hadi ufukweni. Ziwa lilikuwa limetulia, mbali na watu, kama kitu kisichohusika. Nicolaus akauliza alichokuja kuuliza, na Mugeta akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Pale. Kwenye lile jiwe jeupe. Hapo ndipo yalipokomea."

Nicolaus akalitazama jiwe, akatazama mtaro wa msingi, akamgeukia Yunis.

"Na wewe mama, unasemaje?"

Baadaye, Yunis alipomweleza Dorah habari hii, alisema hakufikiria sheria wakati ule, wala hakufikiria dhambi, ingawa ni muumini. Alichokiona ni kitanda chake. Siku ukuta ulipoanguka, yeye na majirani walikibeba kitanda wakakipandisha hadi kwenye kisiki cha mpera, wakaona hapo pametosha. Kulipokucha miguu ya kitanda ilikuwa ndani ya maji, na kandambili zake zinaelea.

Aliwapita wote, akaupita mtaro wa msingi, akapanda hadi kwenye kile kisiki.

"Hapa," alisema. "Kitanda changu nilikiweka hapa, kikalowa miguu. Baada ya hapo hayakupanda tena."

Mugeta aligeuza uso akatazama upande wa Majita. Boke akashika mwanzo wa tepu pale kisikini, Nicolaus akapanda nayo mlimani, akitembea kwa uangalifu kati ya mawe. Kigingi cha mita sitini kilikuja kuangukia karibu sana na makaburi. Juu ya kigingi, kiwanja kilichobaki kilikuwa makaburi yenyewe na kipande chembamba kando yake. Baada ya hapo ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni shamba la mihogo la Mugeta.

Nicolaus alizunguka pale akikuna kidevu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nyumba hii ya kwenye ramani haitoshi hapa. Labda makaburi. Kuna utaratibu wa kuyahamisha, familia ikikubali."

"Hapana baba," Yunis akajibu. "Huyo alishapata nyumba yake. Tumwache."

"Basi utachora ndogo, uigeuze ubavu. Hata hivyo itahitaji kuingia kidogo kwenye hili shamba. Mwenye shamba akikubali kukumegea na akasaini, sioni tatizo lingine."

Wote wakamtazama mwenye shamba. Mugeta alikuwa amekunja mikono.

"Shemeji," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira bali ya mtu aliyeumia, "umejifungia mlango mwenyewe. Na wa kwangu umeufunga."

Nicolaus alijaribu kumweleza kwamba hakuja kwa ajili ya nyumba za zamani, kwamba hakuna aliyetumwa kumbomolea, ila akitaka kujenga mpya itabidi apande juu ya mstari. Mugeta hakusubiri mwisho wa maelezo. Aliteremka kwake akafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo kijijini watu hutambua maana yake.

Ramani ndogo ikachorwa. Barua ya kijiji ikatoka. Majirani wa pande nyingine wakasaini. Ikabaki saini moja, na hiyo moja haikuja. Mugeta aliacha kumsalimia Yunis. Siku za Sabato walikaa kanisa moja, wakaimba wimbo mmoja, na ibada ikiisha alipita mlango wa pembeni.

Boke alimwonea uchungu. "Mama, nenda baraza la kata. Huo uwanja ni wa familia, watamsikiliza na wewe watakusikiliza. Unaweza kushinda."

"Nikishinda baraza, nitapata ardhi nitakosa shemeji," Yunis alimjibu. "Mimi kwetu Kisorya. Hapa wa kunizika ni yeye."

Basi akabaki kwenye chumba chake. Alisema hivyo kwa Boke akiwa imara, lakini hakuwa imara siku zote. Kuna mchana aliacha dagaa kwenye nyavu, akaenda kusimama ndani ya ule mtaro, mahali ambapo mlango ungekuwa. Aliona mitumbwi yote kutoka pale. Alijikasirikia. Nani alimtuma kutembea hadi kisikini? Angenyamaza tu, asingekuwa amesema uongo, Mugeta ndiye angekuwa amesema. Akajiuliza kama alisema kweli kwa sababu ni kweli, au kwa sababu aliyaogopa maji tu. Akarudi kugeuza dagaa kabla hawajaungua na jua.

Kitu kimoja hakukibadilisha. Alizoea kupeleka bakuli la dagaa nyumbani kwa Mugeta kila aliponunua mzigo mzuri, na aliendelea kupeleka. Mke wa Mugeta alipokea, akarudisha bakuli likiwa na karanga au maharage, kama kawaida ya wanawake. Mugeta alikula. Hakuuliza dagaa wametoka wapi.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha kama imetumwa. Ziwa likaanza kupanda tena. Jiwe jeupe likazama, sakafu ya zamani ikazama, na asubuhi moja Yunis alikuta mtaro wake umejaa maji hadi juu. Ndani yake visamaki vidogo vya furu vilikuwa vinaogelea, vinakata kona pale Enos alipokuwa amechimba kona ya chumba cha kulala. Alivitazama muda mrefu. Hakufurahi. Alisikia baridi tu.

Kisha akakumbuka kwa jirani.

Alimkuta Mugeta amekaa mlangoni, miguu ameiweka juu ya kigoda. Maji yalikuwa yameingia uani, yamefika mlangoni pa jiko, yanagusa kizingiti na kurudi, yanagusa na kurudi.

"Nimekuja kusaidia kubeba," Yunis alisema.

"Halijaingia," Mugeta alijibu. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu siku ya tepu.

"Naona."

"Na halitaingia."

"Inawezekana, shemeji."

Alimpita, akaingia jikoni, akachukua sufuria na gunia la mahindi ambalo lilikuwa sakafuni. Mke wa Mugeta akachukua la pili. Walipanda wakashuka, wakapanda wakashuka, wakiviweka vitu juu karibu na shamba la mihogo na kuvifunika turubai. Safari ya nne au ya tano Yunis alikutana na Mugeta njiani, amebeba kabati la vyombo mgongoni, anahema. Yunis akampisha.

Ni kweli ziwa halikuingia. Lilikaa pale kizingitini siku kadhaa kisha likateremka, na Mugeta akawaambia watu, "Si niliwaambia?" Lakini kwa muda mrefu hakurudisha vitu vyake chini, alisema turubai ni zuri, na wiki chache baadaye fundi Enos, akipita na baiskeli, alimkuta na jembe anang'oa mihogo kwenye kipande kile kinachopakana na makaburi.

"Mzee, mbona unang'oa? Si haijakomaa hiyo?"

"Imekomaa," Mugeta alisema, ameshika mhogo mwembamba kama kidole.

Siku hiyohiyo alikwenda senta. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, kinamama wamepanga foleni na madebe yao. Akasimama mbele ya mlango wa Yunis.

"Lete hiyo karatasi!"

"Nini?" Yunis hakusikia.

"Hiyo karatasi ya saini!"

"Unasemaje, shemeji?"

"NASEMA NIKUSAINIE!"

Ndivyo foleni nzima ya mashine ilivyojua kabla ya halmashauri. Mugeta alisaini akiwa ameegemeza karatasi ukutani, mwandiko ukatetemeka na ukuta. Hakuomba msamaha, naye hakuombwa. Alipomaliza alirudisha kalamu, akasita.

"Huyo Nicolaus wako. Anapatikanaga siku gani?"

"Jumatatu mpaka Ijumaa. Kwani?"

"Utanipeleka. Mimi nikifika ofisini naongeaga vibaya."

Kibali cha Yunis kilitoka kabla ya kiangazi. Nyumba iliyojengwa ni ya vyumba viwili na kibaraza, ya tofali za kuchoma, imegeuka ubavu kuyakwepa makaburi. Mlango wake unatazama mlima. Ziwa unaliona kutoka dirisha la jikoni, na lazima usimame. Dorah alipokuja likizo aliuliza taratibu, "Mama, huujutii ule mlango?"

"Naujutia," Yunis alisema huku akichambua mboga. "Lakini mvua ikinyesha nalala."

Siku ya kumpeleka Mugeta halmashauri, shemeji yake alivaa koti la harusi ya mwanawe. Ndani ya gari alikuwa akinong'ona peke yake, anafanya mazoezi ya atakachosema: kwamba baba yake alifyeka pale, kwamba yeye ni raia, kwamba anaomba kujenga juu ya mstari na nyumba ya chini ataifanya ghala la nyavu, kama inaruhusiwa, na kama hairuhusiwi aambiwe. Yunis alimwacha anong'one. Walikaa kwenye benchi la nje hadi walipoitwa.

Nicolaus aliwakumbuka wote wawili. Aliwakaribisha viti, akauliza habari za mvua, akachukua kalamu.

"Mzee, kwako maji yalifika wapi?"

Mugeta alifungua mdomo, na yale mazoezi yote ya kwenye gari yakapotea. Alimtazama Yunis. Yunis alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, hakumsaidia.

"Mlangoni pa jiko," Mugeta alisema mwishowe. "Kizingiti kililowa. Wewe andika hivyohivyo."

Walipotoka, gari la kurudi lilikuwa halijafika. Mugeta alinunua maandazi kwa mama mmoja pale nje ya geti, akampa Yunis mawili, akabaki na moja, wakasimama upande wa kivuli wakila.